Wimbo ukigusa moyo, mikono ifanye nini? Kavana katika sala na nyimbo za Wayahudi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanakwaya hapa Morogoro, naimba sauti ya kwanza. Mwezi uliopita tuliimba wimbo wa kuwaombea wagonjwa, kanisa zima likatokwa na machozi, na mimi nikiwemo. Nyumba ya tatu kutoka kwangu yupo mama aliyepooza upande mmoja. Sijaingia kwake tangu Pasaka. Nimesikia Wayahudi wana neno "kavana", nia ya moyo ndani ya sala. Ni nini hasa? Na wao wanafanyaje ili kilichouchoma moyo kwenye wimbo kifike mikononi? Au sote tunaosali ni wanafiki tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo neno lako la mwisho, maana limenikaa kooni tangu nilipolisoma. Mnafiki hakosi usingizi kwa sababu ya jirani yake. Wewe umehesabu nyumba, umehesabu na miezi. Hilo uliloliona ndani yako walimu wa Kiyahudi walikwishaliona kwa watu wao zaidi ya miaka elfu moja mia nane iliyopita, wakalifanyia kazi kwa bidii kubwa, na nadhani kazi yao inaweza kukusaidia bila wewe kuacha kanisa lako wala kubadilisha hata wimbo mmoja.

Kavana ni neno la Kiebrania. Mzizi wake unabeba maana ya kuelekeza, kulenga, kama mtu anavyoulenga mshale. Ndugu zetu Waislamu wa pwani wataliona upesi wakichanganya maneno yao mawili, nia na kibla: ni nia iliyo na upande inakoelekea. Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo uliokamilika takribani mwaka 200, inamzungumzia mtu aliyekutwa na saa ya sala akiwa juu ya punda. Ashuke. Asipoweza kushuka, ageuze uso wake kuelekea Yerusalemu. Hata uso usipogeuka, basi auelekeze moyo wake kwenye Patakatifu pa Patakatifu. Kitabu hichohicho kinasimulia kwamba wacha Mungu wa zamani walikuwa wakitulia saa nzima kabla ya kusali, ili kwanza mioyo yao ielekee kwa Mungu. Na kuna mfano ninaoupenda kuliko yote. Mtu anapita nyuma ya sinagogi, anasikia baragumu la pembe ya kondoo likipulizwa Siku ya Mwaka Mpya. Akiuelekeza moyo wake, ametimiza wajibu wake. Asipouelekeza, hajatimiza, hata kama sauti iliyoingia masikioni ni ileile.

Hapo naomba utulie kidogo, kwa sababu swali lako limeichukulia kavana kama machozi. Machozi yana heshima yake, na Zaburi zimejaa machozi. Lakini mtu anaweza kulia bila kulenga popote, na mwingine akalenga huku macho yake ni makavu kabisa. Waswahili tunasema penye nia pana njia. Walimu wale wangekubali, kisha wangeuliza nani ameifyeka njia hiyo, maana nia isiyofyekewa njia huishia palepale mlangoni pa kanisa.

Mwalimu wao mkuu wa kavana ni mwanamke unayemfahamu: Hana, mama yake Samweli. Alisali kule Shilo, midomo ikicheza na sauti haisikiki, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Kutoka kwake Talmudi, kitabu kikubwa cha mijadala ya walimu wa Kiyahudi, ilichota kanuni za sala kuu ya Kiyahudi, ile inayosaliwa kwa kusimama, miguu imebanwa pamoja: midomo itamke, sauti isipande, moyo uelekezwe. Mamilioni ya watu husali hivyo hadi leo kwa sababu ya mama mmoja mwenye uchungu. Ila nataka uitazame habari yake na jicho la mwanakwaya. Hana ana wimbo, na wimbo huo uko sura ya pili ya Samweli wa Kwanza. Katika sura ya kwanza aliomba, akaweka nadhiri, akapata mtoto, akamwachisha kunyonya, akampeleka Shilo na kumkabidhi. Wimbo unakuja baada ya hayo yote. Kila nikiusoma nawaza: mama huyu aliimba mikono yake ikiwa imekwisha kutoa.

Sasa nije kwenye ufundi wenyewe, maana wewe umeuliza "wanafanyaje".

Sheria ya Kiyahudi imeifunga baraka na tendo kwa kamba fupi sana. Kabla ya kula mkate, wakati wa kuwasha taa za Sabato, kabla ya kupuliza pembe, kuna maneno ya kumhimidi Mungu, na kwenye amri nyingi maneno hayo husema kwamba ndiye aliyetutakasa kwa amri zake na kutuamuru jambo hili. Kanuni ni kwamba baraka itangulie na tendo lifuate papo hapo. Ukisema baraka kisha ukaanza kuzungumza mambo mengine kabla ya kutenda, umeikata, na baraka iliyokatwa inahesabiwa kuwa jina la Mungu limetajwa bure. Fikiria maana yake kwa mtu anayeishi hivyo tangu utotoni, mara nyingi kila siku: ulimi wake umezoea kwamba neno takatifu linadai mkono, tena linaudai sasa hivi.

Niliwahi kualikwa chakula cha Ijumaa jioni kwenye nyumba moja ya Kiyahudi Nairobi. Baada ya baraka ya divai, watu wote, pamoja na watoto, walisimama wakaenda kwenye sinki. Palikuwa na chombo kikubwa cha bati chenye mikono miwili. Kila mmoja alimimina maji juu ya mkono wa kulia, kisha wa kushoto, akasema baraka, akajifuta, akarudi mezani kimya. Nilidhani kuna aliyekasirika. Mtoto mmoja alitaka kijiko chake kilichoanguka, akakionyesha kwa kidole huku amebana midomo. Kimya kile ni cha sheria: tangu kunawa hadi mkate utakapoonjwa, hakuna mazungumzo. Ndipo babu akaanza kuvumisha sauti bila neno hata moja, sauti ya chini, polepole. Wengine wakaidaka. Meza nzima ikawa inaimba pasipo maneno, huku mtu wa mwisho akimalizia kunawa. Wimbo ukakoma, kitambaa kikaondolewa juu ya mikate miwili, baraka ikasemwa, kisu kikapita, kipande kikachovywa kwenye chumvi na kuzunguka mikono yote.

Nimeueleza mlo huo kwa kirefu kwa sababu jibu la swali lako niliona limekaa pale mezani. Maneno yangeukata uzi kati ya baraka na mkate. Wimbo haukuukata, uliushika usilegee.

Wimbo wa namna ile, usio na maneno, unaitwa niguni. Ulistawi sana miongoni mwa Wahasidi, harakati iliyozaliwa Ulaya Mashariki katika karne ya 18 kutokana na mafundisho ya Baal Shem Tov, aliyefariki mwaka 1760. Watu wengi wa vijiji vile walikuwa mafukara na hawakusoma sana. Kiebrania cha kitabu cha sala kiliwapita kichwani, lakini niguni kila mtu aliiweza. Huanza chini, hurudiwa mara nyingi, na katika kurudia kwake moyo hupata muda wa kuwasili. Sisi kwenye kwaya tuna haraka: ubeti, kiitikio, ubeti, makofi, tumekaa. Nadhani hapo tunapoteza kitu. Na ujue kwamba katika masinagogi ya Kiorthodoksi, yaani ya Wayahudi wanaoshika sheria za kale kwa ukamilifu, hakuna kinanda wala gitaa siku ya Sabato, hivyo sauti ya mwanadamu ndiyo inayobeba mzigo wote.

Lakini yapo mafundisho mengine yanayoonekana kama yanakwenda kinyume, na hayo ndiyo yatakayokufaa zaidi. Wayahudi hawakungoja moyo uwe tayari ndipo mkono utoke. Mara nyingi walituma mkono kwanza. Talmudi inasimulia kwamba Rabi Elazar alikuwa akimpa maskini sarafu ndogo, kisha ndipo anasimama kusali. Hadi leo, kwenye sala za asubuhi za siku za kazi, sinagogi nyingi hupitisha kisanduku cha sadaka katikati ya ibada, na utasikia sarafu zikigonga bati huku watu wanasali. Siku ya Sabato hakipiti, kwa kuwa fedha haziguswi. Yapo pia mapokeo yanayotokana na Rabi Isaac Luria wa mji wa Safed, aliyeishi karne ya 16: kabla ya kufungua sala ya asubuhi, mtu atamke kwamba anajitwika amri ya kumpenda jirani yake kama nafsi yake. Jirani anatajwa kabla sala haijaanza.

Maimonides, tabibu na mwanasheria mkubwa aliyefariki mwaka 1204, alikuwa mkali kuhusu nia. Kwake sala isiyo na kavana si sala, na mtu airudie. Mtu huyohuyo aliandika kwamba ukiwa na sarafu elfu moja, ni bora uzitoe mara elfu, moja moja, kuliko kumpa mtu mmoja zote kwa mara moja. Alitaka mkono uzoee kufunguka. Na kitabu kimoja cha Hispania cha karne ya 13, kinachozieleza amri 613 za Torati, kinarudia rudia wazo kwamba mioyo huvutwa kufuata matendo. Huo ni mpangilio tofauti na tuliouzoea. Sisi tunangoja kuguswa ndipo tutende. Wao wanasema tenda, moyo utakuja nyuma yako. Hata pale Sinai, Kutoka 24:7, Biblia zetu za Kiswahili zinasema "tutayatenda, nasi tutatii", lakini neno la pili la Kiebrania ni lile la kusikia: tutatenda, na tutasikia. Marabi walilishangilia tangu zamani hilo kutenda lililotangulia.

Kwa hiyo usiogope kwenda kwa yule mama siku ambayo hujisikii lolote.

Sasa, wewe ni mwimbaji, na kuna sala moja naona iliandikwa kwa ajili ya watu wanaoimba mbele za watu. Kwenye sinagogi anayeongoza sala kwa kuimba anaitwa hazani, na cheo chake cha kale ni "mjumbe wa mkutano". Siku ya Mwaka Mpya na Siku ya Upatanisho, kwa desturi ya Wayahudi wa Ashkenazi, yaani wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, kabla ya sala ya nyongeza hazani husimama kwa ajili yake mwenyewe. Amevaa kanzu nyeupe. Katika masinagogi mengi huanzia nyuma kabisa ya jumba, mahali ambapo watu hawamtarajii, na kila mtu hulazimika kugeuza shingo. Maneno yake ya kwanza ni: mimi hapa, maskini wa matendo. Anatembea polepole kuelekea mbele akiimba kwamba anatetemeka, kwamba hastahili, kwamba watu waliomtuma wasije wakaaibika kwa sababu ya makosa yake.

Maskini wa matendo! Mwenye sauti nzuri kuliko wote ndani ya jumba anatangaza umaskini huo kwa nguvu zake zote, kisha hakimbii, anaendelea kutembea mpaka mbele na kuifanya kazi aliyotumwa. Ulichoniandikia wewe ni sala hiyohiyo. Ungekuwa umekulia sinagogini, ungepewa kanzu na noti za kuiimbia.

Siku hiyohiyo ya Upatanisho watu wamefunga saa zipatazo 25, hawali wala hawanywi maji, na asubuhi, njaa ikianza kuuma, husomewa kutoka Isaya, pamoja na sura ya 58. Nabii anawauliza wafungaji kama wanadhani Mungu anataka vichwa vilivyoinamishwa kama unyasi. Saumu anayoitaka ni kuvifungua vifungo vya uovu, kumgawia mwenye njaa chakula, kumwingiza nyumbani maskini aliyetupwa nje. Aliyepanga usomaji huo uangukie siku hiyo alijua alichokuwa akikifanya. Na usiku huo, saumu ikishafunguliwa kwa chai na kipande cha keki, ipo desturi ya kutoka nje na kuanza kujenga kibanda cha Sikukuu ya Vibanda, itakayofika baada ya siku nne. Watu wachovu, nguo nyeupe bado mwilini, wanagongelea msumari wa kwanza gizani. Siku kuu ya sala kuliko zote inamalizikia kwenye sauti ya nyundo.

Utaniuliza kama haya yanatoka nje ya kuta za sinagogi. Yanatoka. Tarehe 21 Machi 1965 Rabi Abraham Joshua Heschel, aliyezaliwa Warsaw na kunusurika na Manazi kwa kuondoka Ulaya mapema, alitembea mstari wa mbele pamoja na Martin Luther King kutoka Selma, Alabama, kudai haki ya Wamarekani weusi kupiga kura. Baadaye aliandika kwamba alihisi miguu yake inasali.

Mfano wa karibu zaidi uko jirani yetu, Uganda. Karibu na Mbale wanaishi Abayudaya, Wayahudi Waganda ambao jamii yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Wengine waliiacha, wachache wakaendelea kusali kwa siri. Amin alipoondoka, vijana waliifufua jamii yao, na nyimbo zilikuwa sehemu kubwa ya kufufuka huko: Zaburi kwa Kiluganda, maneno ya Kiebrania kwa mahadhi ya kwao. Mmoja wa wanamuziki wao, J.J. Keki, alikuwa New York siku ya Septemba 11, 2001, akashuhudia mashambulizi. Alirudi nyumbani akiwa na nia kwamba dini zisiendelee kuuana. Nia ya namna hiyo wengi tumeimbia wimbo, tukarudi kulala. Keki alikwenda mlango kwa mlango kwa majirani zake Waislamu na Wakristo, wakulima wa kahawa kama yeye, na mwaka 2004 wakaanzisha ushirika wa pamoja ulioitwa Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Nyimbo hazikuachwa. Wakulima wa dini zote tatu walitunga nyimbo kuhusu kahawa, bei ya haki na kuishi pamoja, wakazitumia kuwavuta wenzao waingie ushirikani, na mwaka 2013 kampuni ya Smithsonian Folkways ilizitoa katika albamu. Pale wimbo ulikuwa ukipima kilo za kahawa mizanini.

Turudi kwa yule mama, nyumba ya tatu.

Wayahudi wana sala ya mgonjwa, husomwa hasa wakati Torati inaposomwa. Karibu na mwisho wa miaka ya 1980, mwimbaji wa Marekani Debbie Friedman aliitungia wimbo mpya akishirikiana na Drorah Setel, na leo masinagogi mengi huko huuimba huku watu wakitaja majina ya wagonjwa wao kwa sauti, jina moja huku, jingine kule. Naamini unafanana sana na ule wenu wa mwezi uliopita. Lakini sheria haikuacha sala hiyo iende peke yake. Kumtembelea mgonjwa ni wajibu, na walimu waliongeza kwamba aliyemtembelea mgonjwa bila kumwombea hajautimiza wajibu huo. Mguu na sala vimefungwa pamoja.

Talmudi inasimulia kwamba mwanafunzi mmoja aliugua, wala hakuna mwalimu aliyekwenda kumwona. Rabi Akiva, mkubwa wao, akaingia. Sakafu ikafagiwa, ikanyunyiziwa maji kutuliza vumbi. Mgonjwa akapona, akamwambia: mwalimu wangu, umenihuisha. Akiva akatoka akafundisha kwamba asiyewatembelea wagonjwa ni kama amemwaga damu. Ninachokukumbusha ni sakafu. Simulizi haitaji dawa wala hotuba. Linatajwa vumbi, jambo ambalo mtu aliyelala chini mwezi mzima analiona na mgeni wa dakika tano halioni.

Basi fanya hivi. Wimbo wenu wa wagonjwa mtaufanyia tena mazoezi, bila shaka. Siku hiyo pitia kwake kabla ya mazoezi, wala usingoje baada ya ibada, maana baada ya ibada tuna mambo mengi. Usiende na maneno uliyoyapanga. Tazama sakafu, tazama ndoo ya maji kama imejaa, tazama kama mto umegeuzwa. Ukiwa unafanya kazi, vumisha ile sauti yako ya kwanza bila maneno. Kama naye anaujua wimbo, huenda akaudaka kwa upande wa mdomo unaomtii.

Na kabla hujaondoka muulize jambo moja. Katika sala ile ya Kiyahudi mgonjwa hatajwi kwa jina lake tu, hutajwa pamoja na jina la mama yake: fulani, mwana wa mama fulani. Kwa hiyo mwombaji hana budi awe amekaa na mtu huyo, au na ndugu zake, angalau kwa muda wa kuuliza. Muulize mama yake aliitwa nani. Akikujibu, hapo tayari mmeanza kuzungumza, nawe utakuwa na jina la kwenda nalo kwenye mazoezi.